Mfumo Mpya kwenye Mashine ya Kusaga

Nilimwahidi mwalimu wangu wa darasa la tatu kwamba kabla ya mvua za kupandia atakuwa anasoma tena masomo aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Niliahidi nikiwa nimesimama mlangoni kwake, begi la chuo bado liko begani, bila kufikiri sana, kama ahadi nyingi za umri ule. Akasema, "Mwanangu, hata daktari wa Shinyanga mjini hakuniahidi hivyo."

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea mwisho, nami nilikuwa nimerudi likizo kijijini kwetu, katika upande wa Ushetu, ambako watu hulima tumbaku kwa ajili ya kuuza na mahindi kwa ajili ya kula. Mwalimu alikuwa amestaafu zamani, lakini hakuwa ameacha kufundisha. Darasa lake lilikuwa kwenye mashine ya kusaga. Wanawake walipofika na nafaka waliziweka ndoo zao kwenye mstari mbele ya mashine, na tangu hapo ndoo ndiyo iliyoshika nafasi ya mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kuisogeza. Mwenye ndoo alibaki huru kwa saa nzima au zaidi. Mwalimu aliiona saa hiyo ikipotea kila wiki, akaomba benchi, akapaka rangi nyeusi mlango wa stoo, akaanza kufundisha wanawake wazima kusoma na kuandika huku injini ikinguruma.

Masomo aliyatunga mwenyewe, kwa sababu vitabu vya watu wazima vilivyofika kwetu vilikuwa vimekwisha kuliwa na mchwa. Sasa macho yake yalikuwa yakimwacha. Nilipohudhuria darasa siku ya kwanza nilimwona akilisogeza daftari hadi likagusa pua, akaligeuza upande wa mwanga, kisha akalifunga na kuendelea kwa kichwa. Masomo aliyoyakumbuka yalikuwa yamefika mwisho, na mapya hakuweza kuyaandika. Alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi wake kwamba mvua zikianza na wao wakienda mashambani, darasa litafungwa na halitafunguliwa tena.

Kilichonipa ujasiri wa kuahidi ni kitu kilichokuwa juu ya kabati lake, kimefunikwa kwa khanga. Wapimaji wa madini waliokuwa wakizunguka upande wa Buzwagi walipohamisha kambi yao, walimwachia kompyuta ya kubeba, ya rangi ya kijivu, nzito kama matofali mawili. Betri yake ilikuwa imekufa, lakini ukiipa umeme iliwaka. Mfumo uliokuwa ndani yake ulikuwa wa kizamani: maandishi matupu, madogo, ya ukubwa mmoja usiobadilika. Kwa Mwalimu ilikuwa sawa na ukungu. Lakini chuoni Mwanza nilikuwa nimeuona mfumo mpya, ule wa picha na kishale, ambao ndani yake mtu huweza kuikuza herufi moja mpaka ijaze kioo. Nilipoiona herufi ile ikikua mbele yangu kwa mara ya kwanza, nilisimama nyuma ya kiti kwa muda mrefu, na mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa yeye.

Kijitabu cha mfumo huo kiliorodhesha aina za kompyuta zinazoufaa. Ya Mwalimu haikuwamo. Kumbukumbu yake ilikuwa nusu ya ile iliyodaiwa, kioo chake hakikutajwa popote, na mahali pa kusomea disketi, vile vibamba vya kuhifadhia programu, palikuwa na vumbi jekundu la kambini. Nilirudi Mwanza kwa siku mbili kumwona mhadhiri wangu; alicheka nilipomweleza, kisha akaacha kucheka. Alinionyesha herufi mbili za kuongeza mwishoni mwa amri ya kusimika mfumo, ambazo huifanya kompyuta isijipime kabla ya kuanza. "Itakubali kuanza," alisema. "Kumaliza, hilo sina mamlaka nalo." Akaniombea kwa wakubwa zake seti moja ya disketi kumi na tatu ambayo chuo hakikuitumia tena. Kibali kilichelewa nami sikuweza kungoja, kwa hiyo nilimwomba mjomba wangu anichukulie.

Mjomba alikuwa dalali wa dhahabu. Alinunua kwa wachimbaji wadogo wa Geita na kuuza Mwanza, na alikuwa mtu mwangalifu kupita wote niliowahi kuwajua. Aliwasili akiwa amezifunga disketi mafungu mawili kwa kamba ya katani, la kwanza la saba, la pili la sita, akaniwekea mkononi kama anayekabidhi mtoto mchanga.

Tulikwenda kwenye mashine. Hapo ndipo palipokuwa na umeme pekee kijijini: injini ya dizeli ilizungusha mashine kwa mkanda mmoja, na kwa mkanda wa pili ilizungusha dainamo ndogo iliyowasha taa ya stoo. Siku hiyo kulikuwa na magunia ya harusi, ikasaga asubuhi nzima bila kupumzika. Niliandika amri, nikaongeza zile herufi mbili, nikabonyeza. Kioo kilitulia, kisha kikaanza kazi. Sijui nieleze vipi. Kitu ambacho kijitabu kilikuwa kimekikataa kilikuwa kinaomba disketi ya pili, kisha ya tatu, kwa upole, kana kwamba hakuna aliyekuwa amekitilia shaka.

Ya saba haikusomeka. Niliitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Ilikwaruza ndani kama panya kwenye debe, kisha kompyuta ikaandika tena kwamba haioni kitu. Nilijaribu mpaka magunia ya harusi yakaisha.

"Mjomba," nikauliza, "disketi zilikaa wapi njiani?"

"Mahali ambapo mwizi hafiki." Akapiga kiuno chake. "Kwenye mkoba wa mzani wangu. Nimesafiri nazo, nimelala nazo gesti, nimekula nazo. Hata chooni nilikwenda nazo."

"Ndani ya mkoba kuna nini kingine?"

"Mzani, mawe ya mzani, sumaku."

Nilikaa chini. Kila dalali wa kwetu hubeba sumaku. Mchimbaji akileta dhahabu yake ya unga, huwa imechanganyika na mchanga mweusi wenye chuma, na dalali huipitisha sumaku juu yake ili mchanga urukie sumaku na dhahabu ibaki. Na disketi huhifadhi kila kilichomo kwa usumaku hafifu tu. Ya saba ilikuwa ya mwisho katika fungu la kwanza. Ndiyo iliyokuwa imelala ubavuni mwa sumaku kutoka Mwanza hadi kwetu.

Mjomba alipoelewa, alivua kofia. "Sasa mimi ningeziweka wapi, mjomba? Pale ndipo ninapoweka mali ya maana."

Nilipanda basi kesho yake kwenda Kahama.

Pale mjini palikuwa na duka la vipuri la familia ya Kihindi, na nyuma ya kaunta kulikuwa na kompyuta ambayo binti mkubwa wa nyumba aliitumia kuandikia barua za duka. Nilikuwa nimeiona mara moja kupitia kioo cha mlango. Nilimsalimu, nikamweleza yote, na mjomba wangu sikumficha. Alisikiliza huku akipanga boliti kwenye sanduku.

"Wewe mwanafunzi wa chuo," akasema, "habari ya sumaku hukufundishwa?"

"Nilifundishwa, dada. Mjomba ndiye hakufundishwa."

"Basi kosa ni la nani? Ulimtuma mtu wa dhahabu, hukumwambia kitu, sasa unakuja hapa kumsengenya."

Alikuwa amesema kweli. Akaingia ndani, akarudi na disketi ya saba ya seti yake mwenyewe, ile ile ya mfumo ule ule. Hakutaka kitu. Aliitia kwenye kasha tupu la sabuni, akalifunga kwa karatasi. "Hii ndiyo yenyewe, siyo nakala. Mwalimu wako akishaona, irudi. Na mjomba wako akae kiti cha mbali kwenye basi."

Nilirudi nikiamini kwamba ugumu umekwisha. Haukuwa umekwisha. Magunia ya harusi yalikuwa yamenidanganya. Siku ya kawaida, mashine ile haisagi mfululizo. Ndoo moja ikiisha, mwenye mashine hupunguza kasi ya injini, hupigapiga mfuko wa kitambaa ambamo unga hushukia, husubiri vumbi la mwisho lianguke, ndipo ndoo inayofuata imiminwe. Hii ni heshima kubwa kwetu. Hakuna mwanamke anayetaka hata kiganja kimoja cha unga wake kiende kwa mwenzake, wala cha mwenzake kije kwake. Na kila injini ilipopunguzwa, taa ilikuwa nyekundu kama kaa, na kompyuta yetu isiyo na betri ilizimika katikati ya kuandika. Nilianza upya mara mbili. Mara ya pili ilikufa kwenye disketi ya kumi.

"Mzee," nikamwomba mwenye mashine, "huwezi kuiacha injini ikimbie hata kama hakuna nafaka?"

Alikuwa mtu wa Kahama mjini, mwenye maneno ya taratibu na kanzu iliyojaa unga mabegani. "Kijana, injini hii ni kuukuu. Ikikimbia bila mzigo inapandwa na wazimu, na umeme nao unapanda. Imenipasulia taa tatu. Unataka na hicho kioo chako kipasuke?"

"Basi tufanyeje?"

"Mashine hii imeajiriwa na mahindi," akasema. "Waulize wenye mahindi."

Sikuwa na ujasiri wa kuuliza. Aliyeuliza ni Mwalimu. Alisimama penye mlango wake mweusi, akaeleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma kwa ajili ya waliochelewa kuelewa: kwamba ili kazi hii imalizike, ndoo zote za siku hiyo zimiminwe mfululizo, bila mwanya, na unga wote utakuwa mmoja; baadaye kila mtu atapimiwa kadiri alivyoleta. "Anayekataa ana haki," alisema. "Sitamwuliza kwa nini, wala sitamkumbuka kwa hilo."

Kwa mara ya kwanza nilisikia injini ikipumua. Kisha mama mmoja mnene aliyekaa mwanzo wa mstari akasema, "Mwalimu, mimi nakuheshimu. Lakini mahindi yangu nimeyakoboa, nimeyaloweka, nimeyaanika, ni meupe kama pamba. Leo niyachanganye na udaga wa huyu?"

"Udaga wangu una nini?" akajibu wa pili, ambaye ndoo yake ilijaa muhogo mkavu. "Juzi mwanao alikula kwangu, akalamba na sahani."

"Mwanangu analamba chochote, hata jiwe!"

"Na baba yake je?"

Wanawake walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mwenye mtama akauliza kama watu wameisahau rangi ya mtama wake, maana ugali wa kijiji kizima utakuwa kama udongo wa kichuguu. Mwingine akasema mama mkwe wake hatakubali kuula, na mwenzake akamwambia basi hiyo ni faida. Nami nilisimama na kasha langu la sabuni, nikiona aibu. Nilikuwa nimejifunza chuoni kwamba maendeleo ni kuwaletea watu kitu. Haikunijia kwamba siku moja ningehitaji kuwaomba wanipe unga wao.

Yule mama mnene akainuka. Akaibeba ndoo yake, akaipandisha mwenyewe juu ya mdomo wa mashine. "Nimejifunza kuandika jina langu kwenye benchi hili," akasema, akimtazama mwenye udaga kwa ukali. "Kama ni kuchafuka, basi yachafuke mapema." Akamimina.

Sitaisahau kazi iliyofuata. Ndoo zaidi ya ishirini zilipangwa juu ya jukwaa, na wanawake walipokezana kumimina. Nafaka ikizidi, injini ililemewa na taa ikafifia. Ikipungua, injini ilianza kukimbia. Nilidhani mtu wa kuitazama taa angetosha, lakini macho yalichelewa. Mwalimu ndiye aliyesikia kabla ya taa kuonyesha. Alikaa kando ya injini, uso ameuinamisha, mkono mmoja hewani. "Ongeza," alisema. "Basi. Punguza, mayu, punguza. Hapo hapo." Na mkono wa mayu, yaani mama, aliyekuwa akimimina ulimtii. Mahindi, udaga na mtama vilishuka kama maji ya mfereji mmoja, na taa ya stoo ikakaa imetulia, nyeupe, bila kupepesa. Nilikuwa nimesoma juu ya umeme miaka miwili. Sikuwahi kuuona ukishikwa kwa mikono ya watu.

Disketi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila nilipobadilisha nilitangaza namba, na waliokuwa benchini waliiandika mlangoni kwa chaki, maana hilo nalo lilikuwa somo. Nilipotaja saba, mjomba, aliyekuwa amesimama nje kabisa ya uzio kwa hiari yake, alifumba macho. Kompyuta ilikwaruza, ikatulia, ikaendelea. "Imepita!" nikapaza sauti, na mjomba akaketi chini palepale kwenye majani.

Baada ya kumi na tatu kioo kikawa cheusi. Niliwaambia kwamba ndivyo inavyokuwa, inajizima na kujiwasha yenyewe, lakini moyoni sikuwa na hakika. Hakuna aliyeacha kumimina. Ndipo mwanga ukatoka taratibu, wa kijivu, ukawa picha, picha ikakaa muda mrefu kupita kiasi, na hatimaye kishale kidogo kikatokea katikati ya kioo. Niligusa kitufe cha kukisogeza. Kikasogea.

Mwenye mashine akasema, "Subhanallah," kwa sauti ya chini, akafuta unga usoni ili aone vizuri. Wanawake walisogea nyuma yangu mpaka nikahisi joto lao shingoni. Yule wa udaga akauliza kwa kunong'ona, "Ndiyo hiyo iliyoambiwa haiwezi?" Nikaitikia kwa kichwa.

Nafaka ilikuwa imebaki ndoo nne. Haraka niliandika sentensi ya kwanza ya somo ambalo Mwalimu alikuwa amenisomea kwa kichwa asubuhi: *Kabla ya kuweka dole gumba, uliza karatasi inasema nini.* Kisha nikafanya jambo nililolisubiri tangu Mwanza. Nikazikuza herufi hadi mwisho kabisa, mpaka K ikajaza kioo kutoka juu hadi chini. Nikampisha Mwalimu kitini.

Aliinama. Akarudi nyuma. Akainama tena, akageuza kichwa kushoto na kulia, na uso wake haukubadilika.

"Mwanangu," akasema, "hiki ni nini? Mguu wa meza?"

Wanawake walianza kucheka, kisha wakaacha. Nilimweleza kwamba ni herufi. Akasema anaona kitu cheusi kimesimama, na mwanga mkali pande zote unaomchoma, lakini hajui ni nini. Unga wa kijiji kizima ulikuwa umechanganywa kwa ajili ya mguu wa meza.

"Mwalimu," nikauliza, na nilikuwa nikiuliza kwa mara ya kwanza tangu nirudi likizo, "unaonaje? Nieleze unavyoona."

Akakunja ngumi yake, akaacha tundu dogo katikati, akaiweka jichoni. "Hivi. Kama anayechungulia tundu la ufunguo. Kikubwa sana hakiingii tunduni. Na weupe unaniumiza. Karatasi nyeupe ni kama jua." Akaongeza bila ukali, "Uliniuliza habari za kompyuta siku tatu. Za macho yangu hukuuliza."

Ndoo mbili zilikuwa zimebaki. Nikaipunguza herufi mpaka ikalingana na kidole gumba, kisha nusu yake. Nikatafuta mahali ambapo mfumo ule huruhusu rangi zigeuzwe. Kioo kikageuka cheusi chote, na herufi zikabaki nyeupe juu yake, kama chaki juu ya mlango wa stoo.

Mwalimu alisogea. Safari hii hakugeuza kichwa. Kidole chake kilipanda polepole, kikagusa kioo, kikaanza kutembea.

"Kabla," akasema. "Kabla ya kuweka dole gumba." Sauti yake ilikuwa ile ile ya darasa la tatu, iliyotufanya tukae wima. "Uliza karatasi inasema nini."

Alirudia kusoma tangu mwanzo, kwa kasi ya mtu anayesoma. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Andika kinachofuata," nami nikaandika, naye akasoma hicho pia, mpaka ndoo ya mwisho ikaisha na injini ikashushwa.

Jioni ile nyumba zote zilipika ugali wa rangi moja. Nilipita nikisalimu, na kila mahali waliniambia kwamba unga wa mwenzao ndio ulioharibu. Disketi ya saba niliirudisha Kahama ndani ya kasha lake. Kompyuta ilikuwa na mwendo wa kobe, ilifunikwa kwa khanga kila ilipozimwa ili unga usiingie, na siku za kusaga wanawake waliendelea kumimina kwa mpango, safari hii kila mmoja mahindi yake, wakiwa wamejifunza kuacha mwanya mdogo ambao injini iliuvumilia. Mvua zilianza. Darasa halikufungwa. Mwalimu aliandika masomo mapya kwa vidole viwili.

Ndugu msomaji, nina ombi moja. Kama nyumbani kwenu au kazini kwako yuko mtu anayesogeza karatasi hadi puani, mwulize leo anaonaje, na usimkatize mpaka amalize kukujibu.